Tangi Lisilokubali Kiraka

Fundi wa matangi alipiga magoti sebuleni kwa dada yake, roho juu. Tangi la samaki la plastiki angavu alilolitengeneza kwa mikono yake lilikuwa limepasuka tena, na samaki walikuwa kwenye beseni la kufulia wakimkodolea macho.

"Nani kaligonga?"

"Hakuna aliyeligusa, kaka. Gundi yako ndiyo feki."

Akameza hasira. Akaweka pimamaji juu ya meza kuona kama imeinama, akaikuta iko sawa. Alipomulika tochi kutoka ubavuni, akaona vijiufa vyembamba kama nywele vimetapakaa upande wote wa mbele. Pigo haliachi alama za namna hiyo. Plastiki ile ilikuwa imeunguzwa na dawa.

"Mnalisafishia nini? Msinizungushe!"

"Maji matupu, haki ya Mungu. Si ulisema hiki si kioo, tusiguse spiriti?"

Fundi akafungua mkoba wake. Akadondosha gundi kwenye ufa, akabandika kiraka, akakaa kuisubiri ishike huku akinung'unika kwamba nyumba hii itamtia wazimu.

Mama yao akatoka jikoni na kitambaa kibichi mkononi.

"Pole na kazi, baba. Ila vidole vyako navyo! Kila ukitengeneza unaacha madoa kioo kizima. Ukishaondoka nafuta mimi, watu wasije wakasema mwanangu anafanya kazi chafu."

Kabla hajafungua mdomo, mama alishaanza kufuta kwa upendo wote, na harufu ya spiriti ikajaa sebule nzima.