Nyumba ya Kipkorir Haishiki Maji

Tecla hakulia mwanawe alipozikwa, na kijiji kizima cha Merigi kilimsema kwa hilo. Wapo waliodai ana roho ngumu. Wapo waliodai bado hajaamini. Yeye mwenyewe angeulizwa, angesema hajui. Tangu Kipkorir agongwe na gari kule Ujerumani akifanya mazoezi ya mbio, na mwili wake kuletwa kwa ndege, Tecla aliamka, akakamua ng'ombe, akachuma majani chai, akayapeleka kwenye kituo cha kununulia chai, akarudi, akalala. Akiambiwa ale, alikula. Akiulizwa jambo, alijibu, "Sawa." Mikono na miguu ilifanya kazi zote bila kumshirikisha mwenyewe.

Halafu gari likaja. Kipkorir alikuwa amenunua nyumba ya magurudumu, zile ambazo Wazungu hutembea nazo likizoni, zenye kitanda, jiko na bafu ndani yake. Ndimo alimolala huko Ulaya, akitoka mbio za mji huu kwenda za mji ule, na kabla hajafa alikuwa amekwisha kuilipia meli. Alimwambia mamake kwa simu, "Mama, hutabeba maji ya mto tena. Utafungua mfereji ukiwa ndani ya nyumba yako." Basi mwezi wa Machi, mwaka wa tisini na sita, mazishi yakiwa yamepita kitambo, dereva wa kukodiwa kutoka Mombasa aliegesha nyumba hiyo kando ya shamba la chai, akanywa uji, akaenda zake.

Weldon, mdogo wa marehemu mumewe Tecla, alikuwa mtu wa kujua kila kitu, hasa kile asichokijua. Alilizunguka gari, akapiga gurudumu teke, akatangaza kwamba litajazwa maji siku hiyo hiyo. Wanawake wa kanisa wakapanda kutoka mtoni na mitungi mgongoni, wakamimina katika tundu la ubavuni. Walipomaliza, Weldon alifungua mfereji kwa madaha. Ukakoroma, ukanyamaza. Kumbe chini ya gari maji yalikuwa yakimwagika kwa raha zao, yakielekea kwenye chai.

"Imetoboka," Weldon akasema. "Hawa watu wa meli wameharibu."

Akalala chali uvunguni, akaona bomba linalomwaga, akalichomeka gunzi la mahindi kama mtu anayeziba mtungi. Likaziba kweli. Maji yakatokea bomba la pili. Akaziba na hilo. Yakatokea la tatu, na kabla hajapata gunzi la kulitosha, lile la kwanza likafyatuka, likampiga kwenye paji la uso. Wanawake walicheka mpaka wakakaa chini. Tecla aliwatazama, akajua kwamba jambo hilo linachekesha, kama mtu anavyojua kwamba uji ni wa moto kwa kuona mvuke. Hakucheka.

Wiki ile ile Weldon akatafuta mnunuzi, mzee Chege, mfanyabiashara wa Kaplong, aliyetaka kuligeuza gari kuwa hoteli ya chakula.

"Mama Kipkorir, nyumba haishiki maji, hiyo ni mabati tu," Weldon alimwambia shemejiye. "Wacha Chege akuje Ijumaa aichukue. Ama?"

"Sawa," Tecla akasema.

Alijua alichokisema. Kitu pekee ambacho mwanawe alimtumia kilikuwa kinaondoka, naye alikuwa amekiruhusu. Alitafuta uchungu ndani yake, asiupate.

Alhamisi alifika Phelix, kijana Mkisii aliyekuwa akikimbia pamoja na Kipkorir huko ng'ambo. Ndiye aliyelifikisha gari bandarini baada ya mwenzake kufa, na sasa amerudi nchini amekuja kutoa pole. Tecla alimpa chai. Kwa kukosa la kusema, akamwambia kwamba gari lina shimo.

Phelix akaweka kikombe chini. "Haina shimo, Mama. Ni Kipkorir alimwaga hiyo maji. Huko wakati wa baridi maji inakuwa barafu ndani ya paipu, halafu paipu inapasuka. Kwa hivyo kabla baridi ianze unafungua koki zote za chini, maji itoke, unaziacha wazi. Hiyo kazi aliifanya mwenyewe, nikiwa hapo."

Merigi hupigwa na mvua ya mawe mpaka chai inabaki vijiti, lakini hakuna mtu aliyewahi kuona maji yakipasua bomba. Nani angefikiria kwamba mtu mwenye akili zake ameimwaga maji nyumba yake makusudi?

"Koki ziko wapi?"

"Hapo sijui. Yeye alikuwa ndani, mimi nje. Lakini ziko tatu, kwa sababu aliniuliza mara tatu, 'Inatoka?'"

Tecla aliinuka. Phelix akaanza kumimina maji, na mama akaingia ndani akapiga magoti. Koki ya kwanza ilikuwa chini ya kiti cha mezani, mkono wake umelala sambamba na bomba. Akaugeuza ukakingama.

"Inatoka?" akauliza kwa sauti.

"Inatoka, Mama, lakini imepungua!"

Ya pili ilijificha nyuma ya kabati la jiko. Ilibidi aingize mkono mpaka begani na kuitafuta kwa vidole. Ya tatu ilikataa kuonekana. Maji yakaisha, Phelix akashuka mtoni tena. Mwishowe Tecla alilala kifudifudi, akajisukuma chini ya kitanda cha nyuma, na huko, kando ya tangi la kuchemshia maji, akaona kijiti cha manjano kimesimama wima.

Alikigusa, akaogopa. Mkono wa mwisho kushika hapo ulikuwa wa mwanawe. Akikilaza, atakuwa ametangua kazi yake. Alibaki amelala pale, shavu kwenye mbao, mpaka Phelix akamwita kuuliza kama yuko salama. Ndipo akakilaza.

"Inatoka?"

"Imekauka, Mama."

Ijumaa Chege alikuja. Alifungua mfereji, maji yakatoka, akatabasamu. Weldon akaanza kulisifu gari kana kwamba yeye ndiye fundi. Lakini Chege alikuwa mtu wa utaratibu; alimgeukia Tecla.

"Mama, mwenye gari amekubali iuzwe?"

Weldon, ambaye hakuwa amemwambia Chege kwamba mwenye gari ni marehemu, alikohoa. "Kijana wetu ako ng'ambo. Hakuna shida."

"Hayuko ng'ambo," Tecla akasema. "Alikufa. Kipkorir alikufa. Na gari haiuzwi."

Neno hilo wengine walikuwa wamelisema, pasta alikuwa amelisema, redio pia. Yeye hakuwa amelisema hata mara moja. Alipolisikia kwa sauti yake mwenyewe, alikaa kwenye sakafu ya gari, akalia kwa sauti iliyofika sokoni.

"Mama Kipkorir, wacha basi," Weldon akaanza.

"Mwache alie," Chege akasema. Akavua kofia, akafunga mfereji, akashuka polepole.