Makanda Mawili Mkiani

Huyu Khalaf ninayemsema ni mzaliwa wa Wete, na sasa anatunza kiwanja kidogo cha ndege huko milimani, juu ya Izki. Kwake mgeni haondoki mikono mitupu.

Januari iliyopita, kwenye baridi kali, rubani Badar alilala kwake. Kesho yake adhuhuri ilikuwa lazima afike Sur, pwani, kumwozesha binti yake, Wasan. Asubuhi mbawa za ndege zilikuwa na barafu. Khalaf akazipangusa kwa kanga ya mkewe, huku akimshikilia achukue tende.

"Ami Khalaf, sichukui. Ndege hii haitaki mzigo."

"Haya baba, nimekusikia."

Badar alipoingia ndani kumuaga mke wa Khalaf, Khalaf akasukumiza makanda mawili ya tende na sufuria ya halwa kule mkiani.

Ndege ikakimbia, ikainua pua kama mbuzi anayetaka jani la juu, mkia ukaburura changarawe, ikajikita kwenye migunga. Gurudumu likang'oka. Badar akatoka mzima, halwa imeruka mbele ikamtapakaa mpaka masikioni.

"Ni ile barafu!" akalalama, akajilamba mdomo. "Lakini barafu gani hii tamu?"

"Ni mimi, baba. Nisamehe. Panda pikapu, Wasan anakungoja."

Walipofika Ibra, njiani, shemeji yake Khalaf akawasimamisha barabarani, birika mkononi. Kwa mara ya kwanza maishani mwake Khalaf akakataa kahawa ya mtu.

Wasan aliozeshwa na babake mwenyewe, naye baba bado ananukia zafarani ya halwa.