Sarafu ya Suzanne Tancré

“Umeniruka, Mwalimu! Familia kumi na moja umezichonga kwenye hicho kibao chako, hata ya yule mlevi Barbot, mimi tu ndiye umeniruka kama dimbwi la tope!”

Irmtraud Tancré alisimama katika ofisi ya kanisa, mwavuli mkononi kama rungu. Mwalimu mstaafu Lothar Gombert, mzee wa kanisa na mtunza vitabu, akavua miwani akaifuta. Ndivyo alivyotafuta muda.

“Bi Irmtraud, kibao ni cha Wahugenoti waliotoka Ufaransa kwa miguu, mfalme alipoipiga marufuku dini yao. Jina lako la Kifaransa, sikatai. Lakini katika kitabu cha ubatizo akina Tancré wanaanza mwaka 1802. Nyuma ya hapo, patupu. Huenda babu yenu alilipenda jina akalivaa.”

“Alilivaa? Kwani ni koti? Lete vitabu. Nisipojiona humo nitanyamaza.”

“Wewe? Unyamaze?” Mwalimu akacheka, lakini akachukua funguo.

Irmtraud alikuwa na miaka sabini na mmoja, yote ya kijiji hichohicho cha jimbo la Uckermark, walikokimbilia Wahugenoti hao. Thelathini na minane kati ya hiyo alitunga majani ya tumbaku kwenye nyuzi, mpaka vidole vikashika rangi isiyotoka kwa sabuni. Aliolewa, akazika mume, na jina la baba hakulibadili. Jambo moja tu watu walilisemea pembeni: wanawake wa akina Tancré hawali mkate wa Bwana. Kijijini kwao mzee wa kanisa hupita nyumba kwa nyumba Jumamosi akigawa visarafu vya madini ya risasi visivyonunua kitu. Jumapili unakitumbukiza sahanini, ndipo upewe mkate na divai. Huna, basi unabaki benchini. Kwa akina Tancré, tangu enzi za bibi, mzee aliambiwa: “Pita, si yetu.” Sababu hakuna aliyeijua. Irmtraud naye alilirithi neno hilo kama alivyorithi pua.

Wakasoma Alhamisi tatu mchana, Mwalimu akifasiri Kifaransa kikuukuu cha vitabu hivyo. Meza ilikuwa na viti vitatu. Kila walipoondoka, Mwalimu alivisukuma vyote ndani na kufunga mlango. Kila waliporudi, kile cha tatu kilikuwa kimevutwa nje, kama mtu ameketi anawasubiri.

“Panya wa siku hizi wana nguvu,” Mwalimu alisema Alhamisi ya pili. Hakucheka.

Alhamisi ya tatu Mwalimu akafungua si kitabu cha ubatizo bali cha makosa ya waumini, ambacho hakuna aliyekuwa na hamu nacho. Akasoma, kidole kwenye mstari:

“‘1699. Suzanne Tancré, mjane, amefika na watoto wawili. Mpakani alimpigia magoti padri wa Kikatoliki, akaikana imani yetu, ili asinyang’anywe watoto. Anakataa kuomba msamaha mbele ya watu. Anyimwe sarafu mpaka aombe.’”

Chini yake mstari mfupi: “1700. Suzanne amekuja mlangoni. Hakupewa.” Kisha 1701, vilevile. Ukurasa mzima, mwaka baada ya mwaka. Mwisho wa ukurasa, 1731: “Suzanne Tancré amezikwa.”

Irmtraud akamwona Mwalimu anageuza ukurasa polepole, kama anayefunua kidonda.

“Soma.”

“‘1732. Suzanne amekuja mlangoni. Hakupewa.’”

Mwandiko ulibadilika, mzee mmoja akifa mwingine akishika kalamu, na maneno ni yale yale, miaka sabini. Mstari wa mwisho ulikuwa wa 1802: “Tusiandike tena. Vitukuu vyake viandikwe kitabuni.”

Kiti cha tatu kilikuwa ubavuni mwa Irmtraud. Hakukitazama.

“Basi ushahidi umepatikana,” Mwalimu alisema. “Kibaoni utaingia.”

“Kibao kingoje. Sarafu yake je?”

“Amekufa, Bi Irmtraud.”

“Hata mwaka 1732 alikuwa amekufa, na mlikuwa mnamfukuza!”

“Sheria ilitaka aombe msamaha kwanza…”

“Kwa kuwaokoa wanawe? Nisingekuwa hapa kukupigia kelele, Mwalimu. Ombeni nyinyi.”

Jumamosi, mkesha wa Pentekoste, Mwalimu alipita na mfuko wake, na kwa Irmtraud alitoa sarafu moja. Irmtraud akaipokea. Ya pili Mwalimu alienda nayo mpaka kizingiti cha kanisa, akaiweka juu ya jiwe, akavua kofia.

“Tumekukawiza sana, mama,” alisema. “Tusamehe. Karibu.”

Asubuhi ya Pentekoste jiwe lilikuwa tupu. Waliokwenda mezani pa Bwana walikuwa kumi na tisa, Irmtraud wa mwisho, na mkate aliutafuna taratibu kama mtu anayejifunza kula. Baada ya ibada Mwalimu akamwaga sahani mezani akahesabu sarafu. Ishirini.

Hakurudia kuhesabu. Alizirudisha sandukuni zote, akafunga.