Hitima Mbili za Shangazi Mize

Niliondoka Tibirinzi kwa sababu moja. Shangazi yangu, Bi Mize, alikuwa anatimiza siku arobaini tangu kuzikwa kwake Makangale, na wanawe wawili, Kombo na Faki, walikuwa wameapa kumsomea kila mmoja hitima yake ya Kurani, siku moja, saa moja. Maziko yalinipita kwa kuwa nilikuwa kitandani na homa. Hitima sikutaka inipite.

Zilikuwa zama za siasa. Watu wa chama kimoja hawakuzikana na wa chama kingine, wala hawakuuziana hata chumvi. Kombo yuko huku, Faki yuko kule, na nyumba zao zinatazamana, uwanja mmoja katikati, nyumba ya Shangazi pembeni ya uwanja. Mke wa Kombo alimtuma mtu aniambie: "Njoo, wifi. Vijana wanachonga magongo."

Mume wangu hakupenda. "Ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime," aliniambia. Nikamjibu kwamba ndugu mwenyewe ni mimi.

Saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa Chake kwenye magari. Utingo wa gari la kwanza alinitazama kanga mpaka viatu.

"Wendapi, bibi?"

"Makangale."

"Kwa nani?"

Nilipomtaja Faki akafunga mlango. "Gari hii haipakii watu wale." Gari la pili nikamtaja Kombo, likanikataa pia. La tatu nikasema nakwenda kwa Bi Mize, na dereva, mtu mzima, akasogeza kikapu chake nikae. Alinambia Bi Mize ndiye aliyewasomea hitima wazee wake. Sikumuuliza chama chake mpaka tukafika Konde.

Kutoka Konde nilikwenda kwa miguu, na msitu wa Ngezi niliukata peke yangu. Niliogopa, basi nikajishughulisha kumkumbuka Shangazi. Ndiye aliyenilea tangu mama yangu alipofariki. Alilea kumi na mmoja, na aliowazaa ni wawili tu. Alikuwa mdogo wa mwili, mkali wa ulimi. Asubuhi tulifukuza kima kwenye mpunga, alasiri tulisoma ukumbini mwake, na ukikosea herufi alikugonga goti kwa mwiko. Baadaye, mwiko ule ule, anakupakulia wewe kwanza. Nililia njia nzima, na sioni haya kusema.

Alikuwa na sanduku la juzuu thalathini, kila juzuu kijitabu chake. Kijiji kizima hakikusoma hitima bila ya sanduku lile. Yeye alisimama mlangoni akagawa, kila msomaji juzuu moja, kisha akazipokea moja moja. Ikibaki moja haijasomwa, hitima haijatimia, dua haiombwi, na wali haupakuliwi hata mgeni awe nani.

Saa nane nilifika. Majamvi yalikuwa yametandikwa kwenye nyumba zote mbili, na masufuria yanachemka huku na kule. Vijana walikaa kwenye kingo za uwanja, magongo mapajani. Kombo alinipokea vizuri, nikamuuliza sanduku liko wapi.

"Tumegawana," alisema. "Kumi na tano kwangu, kumi na tano kwake. Kila ntu na haki yake."

Nilikaa chini. "Kombo, mlikuwa mnagawa juzuu au mnagawa minazi? Mwanzo uko kwako, mwisho uko kwa Faki. Sasa nani kati yenu atakayetimiza hitima?"

Nilimwona usoni kwamba hakuwa amelifikiria. Wote wawili walilitaka sanduku tu. "Tutaazima msahafu msikitini," akasema.

"Mama yako asomewe kwa kuazima, na zake zipo?"

Nikavuka uwanja hadi kwa Faki, nikamwomba juzuu zake. "Kombo aje achukue mwenyewe," alisema. Nikarudi. "Siendi," alisema Kombo. Nilipotaka kuvuka tena kijana mmoja akanyoosha gongo mbele yangu. "Dada, chagua upande wako."

Alasiri ilikwisha saliwa. Pande zote mbili wasomaji wameshika juzuu. Nikaichukua kwa Kombo juzuu ya kumi na tano, nikaketi mchangani katikati ya uwanja, nikasoma kwa sauti. Mzee mmoja aliguna, mwanamke kusoma mbele ya wanaume. Sikumjali.

Aliyepita chuo cha Kurani anajua kwamba juzuu ile inakatikia katikati ya kisa. Swali limo ndani yake, jibu linaanzia ya kumi na sita. Nikafika mwisho, pale penye swali, nikanyamaza. Sikuwa na ukurasa mwingine. Watu wote walijua kinachofuata, na hakuna aliyekisema. Nilisikia masufuria yakichemka.

Kisha Faki akaanza kusoma, hapo hapo barazani kwake. Akairudia aya ya kwanza, akaendelea. Wasomaji wake wakafungua zao, na wa Kombo wakafungua zao. Nilizipokea zote mlangoni kwa Shangazi, thalathini, na dua ikaombwa moja.

Nisiwadanganye, hawakusemezana. Kila mmoja alikwenda kula kwake, na magongo yaliondoka na wenyewe.

Asubuhi yake nilirudi Tibirinzi na sanduku kichwani. Wote wawili waliniachia, kwa kuwa kila mmoja aliona afadhali mimi kuliko mwenzake. Nilichojifunza ni kidogo: niliondoka nyumbani nikidhani naweza kupatanisha watu, kumbe niliweza tu kuwanyima nafasi ya kugawana.

Mwaka uliofuata, siasa zikiwa bado kali, Kombo alibisha hodi kwangu, vumbi mpaka magotini. Magari yalimkataa, alikuja kwa miguu. Alitaka sanduku. Mke wa Faki alikuwa amefariki.

"Faki ndiye aliyekutuma?" nilimuuliza.

"Sikutumwa, dada," alisema. "Nimefiwa."