Niache Inayouza

Kinanda hajawahi kuonekana kwenye filamu hata moja, lakini mtaa mzima unamjua kwa sauti. Kazi yake ni kuwasemea waigizaji wa kike wa filamu za nje, watazamaji wasikie Kiswahili. Chumba cha kurekodia kimebandikwa magodoro ukutani, joto lake usiseme, na humo ameolewa, amekufa na kufufuka kumshinda paka mwenye roho saba. Akitoka hapo anarudi kwenye chumba chake, anapika wali wa mtu mmoja, anakula akitazamana na ukuta.

Neno alilolisema zaidi maishani ni "niache". Karibu kila filamu ina kijana anayemng'ang'ania msichana mkono, na kabla haijaisha wameoana. Ndoa gani hizo, sijui. Agizo la Bosi wa studio halibadiliki: "Dada, legeza. Niache ya kukataa haiuzi. Nipe niache inayosema njoo."

Kinanda alilegeza, maana mwenye njaa hana miiko. Na tuseme kweli, alikuwa hodari.

Jumamosi moja mchana, fundi friji wa ghorofa ya chini alimbana ngazini, akamshika mkono.

"Niache," Kinanda akasema.

Jamaa akaangua kicheko. "Yenyewe hiyo! Hebu rudia."

Akarudia kwa kupiga kelele, na jamaa akazidi kufurahi, mkono wa pili ukimpapasa kiunoni. Kilichomwokoa ni mama mmoja aliyekuwa akishuka na ndoo ya nguo.

Alimpigia dada yake simu, akamweleza yote huku akilia. Dada akauliza, "Ulimwambia niache kwa sauti gani?"

Kinanda akakata simu. Hakuwa na mtu mwingine wa kumpigia.

Jumatatu, kwenye skrini, msichana mwingine alikuwa ameshikwa mkono. Kinanda akasogelea maiki, akalisema lile neno kavu kabisa.

"Unatutisha, dada. Legeza."

Akalisema tena, kavu vilevile.

Bosi akafungua mlango. "Usinitie hasara. Wenye sauti wako wengi."

Kweli walikuwa wengi. Kinanda akachukua mkoba wake, akaondoka.

Filamu ilipotoka, aliisikia ikitokea dirishani kwa fundi friji, naye yuko juu anapiga pasi. Niache ilikuwa ya binti mdogo, tamu, imelegea ilivyotakiwa. Fundi akacheka. Kinanda akasimamisha pasi, akawaza: mtoto huyu, akitoka studio, anarudi nyumbani na nani?