Sura Ina Mwenyewe

Asubuhi ile nilimrudishia mwenye nyumba ufunguo wa chumba changu Ilala kwa kushindwa kodi, nikatoka na kiroba mgongoni bila kujua nitalala wapi. Ndani ya kiroba mlikuwa na midoli niliyoifuma kwa kroshia, yote ya katuni moja ya paka ambayo watoto wa mjini walikuwa wakiililia. Mtaji wangu wote niliugeuza nyuzi, na nyuzi zote zilikuwa zimeshaota masikio.

Miguu ilinipeleka Kariakoo, kwa mama mmoja wa Kichaga mwenye duka, aliyeniagiza mzigo ule mwenyewe. Nilimwamkia, akanizuia mlangoni.

"Usiushushe hapa. Jana mtaa wa nyuma wamepita wakaguzi wa bidhaa feki na wakili wa hiyo katuni. Wamebeba mabegi, fulana, mpaka chupa za uji, vyote vyenye sura yake."

"Lakini hii si feki, mama. Hakuna kiwanda. Nimefuma kwa mkono wangu."

"Mkono wako, sura ya nani?" Akachomoa mdoli mmoja kirobani, akamgeuza. "Na jina umemtarizi kifuani! Ungeweka na namba ya simu wakupigie."

Jina nililitarizi kwa heshima. Nilidhani nikimtaja mwenye katuni, hakuna atakayesema nimemwibia. Sikuwahi kuwaza kwamba sura ya kitu kisichopumua inaweza kuwa na hati, kama kiwanja. Nikauliza ruhusa inaombwa wapi.

"Ulaya huko," alisema kwa uchovu. "Nenda kawagongee."

Nje, machinga muuza soksi aliyesikia yote akaniita. "Oya fundi, kata masikio! Mwite paka wa Ilala."

Nikachuchumaa kando ya meza yake, nikafumua masikio na jina la mdoli mmoja. Akamnadi kwa sauti mpaka dada mmoja akasimama.

"Huyu nani sasa?" aliuliza, akamrudisha juu ya soksi.

Tukajaribu mwingine, na mwingine. Wenye sura siruhusiwi kuwauza, wasio na sura hakuna anayewataka. Jua lilipopanda, hata machinga aliacha utani.

Nilishuka kupitia Mchafukoge hadi Feri, nikavuka kwa pantoni kwa sababu ng'ambo hakuna aliyenijua. Kigamboni niliulizia vyumba nyumba kwa nyumba. Wote walitaka kodi ya miezi kadhaa mbele. Jioni nikamkuta bibi mmoja akifagia kibaraza.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Umebeba nini?"

"Nyuzi."

Akachungulia kirobani. "Mbona nyuzi zako zinanikodolea macho?"

Nikamweleza yote. Akaniingiza sebuleni, akanionyesha makochi yake yenye migongo mitupu.

"Nifumie vitambaa vya haya, seti nzima, ulale chumba cha uani. Mwezi ukiandama hujamaliza, unaondoka."

Usiku nilikaa kwenye godoro la chumba cha uani, nikakata fundo la mdoli wa kwanza, nikavuta. Mzunguko baada ya mzunguko uliachia, pamba za tumboni zikanimwagikia mapajani. Uzi ulitoka umejikunjakunja, mfupi kuliko nilivyokumbuka. Niliuzungusha vidoleni, nikachukua mdoli mwingine.