Jicho la Kibet na Ukuta Nilioupunguza

Mimi ndiye niliyempofusha Kibet jicho moja. Watu wa kwetu Roret niliwaambia aliteleza kwenye shamba la chai akaangukia kisiki, na yeye mwenyewe hajakanusha. Wewe unayesoma hunijui, ndiyo maana nakwambia wewe.

Tulitahiriwa pamoja, tukakaa kibanda kimoja cha jando, na kwetu watu wa namna hiyo hawainuliani mkono. Chuo kikuu pia tulienda pamoja. Tulikuwa tukiigiza plazma kwenye kompyuta, yaani gesi iliyopashwa moto mpaka ikapitisha umeme. Unaifungia ndani ya boksi, unarusha mawimbi, unatazama chembe zinavyokimbia. Kwenye kingo za boksi unaweka tabaka la kumeza mawimbi, yakifika huko yapotee kama ambavyo yangepotea angani. Tabaka likiwa jembamba, mawimbi yanagonga ukuta na kurudi ndani.

Mimi nililipunguza. Nilikuwa nikifanyia kazi nyumbani, na huku mvua ya alasiri ikianza tu, stima inapotea na kompyuta inazimika. Tabaka jembamba hufanya hesabu iishe haraka, nami nilitaka iishe kabla ya mawingu. Nikajiambia nitalirudisha baadaye.

Basi chembe za katikati zikawaka moto ajabu! Nikauita ugunduzi. Mama akatangaza kanisani, fahali akachinjwa, wazee wakaanza kuniita daktari. Kichwa kilinivimba, sitaficha.

Asubuhi ya sherehe Kibet alinivuta nyuma ya zizi, tukiwa wawili tu.

"Boss, nimerun hiyo kitu yako na boksi kubwa," alisema. "Moto ilichelewa kuja, kwa sababu ukuta iko mbali. Hiyo si plazma, ni ukuta inarudisha mawimbi. Ambia profesa wetu kabla hajaituma kwa jarida."

"Umeambia nani?"

"Hakuna. Nimekuja kwako kwanza."

Nilipaswa kumshukuru. Badala yake nilimwambia ana wivu, nikamsukuma. Akanisihi nitulie, wageni watasikia. Nikachukua mpini wa jembe uliokuwa umeegemezwa pale zizini, nikampiga nao usoni.

Akaanguka. Nikampiga mbavu akiwa chini. Nikampiga mkono aliokingia kichwa mpaka nikasikia mfupa ukivunjika. Damu ilikuwa imejaa jicho la kushoto, na mimi bado nampiga. Ndani ya nyumba walikuwa wakiimba.

Linaloniumiza zaidi ni kwamba nilijua. Mpini ukishuka, nilijua anasema kweli.

Kesho yake nikalifanya lile tabaka kuwa nene, nikaiacha kompyuta imalize. Moto haukuwepo. Nikamwandikia profesa, kazi ikafutwa, na shahada yangu ya udaktari ikaishia hapo. Kisha nikaenda hospitali ya Kapkatet, alikokuwa amelazwa Kibet. Nusu ya uso wake ilikuwa bandeji.

"Umeongeza ile tabaka?" akaniuliza.

"Ndio."

"Na moto?"

"Hakuna moto."

"Sitasema ni wewe, juu ya mama yako, asiaibike," akasema. "Lakini usikuje hapa tena."

Nakuomba wewe, mtu akikufuata faragha akuonyeshe kosa lako, amekuheshimu. Weka mikono mfukoni umsikilize, hata kama fahali ameshachinjwa. Mimi sikuweza. Siku hizi nikikutana na Kibet kwenye njia ya chai, anahama upande kwanza, ili nimpite penye jicho lisiloona.